Mradi wa hidramu umeambiwa "hauna ubunifu". Kwenye uhandisi, ubunifu ni nini hasa?

Mwanafunzi_Njombe

Habari za muda huu wakuu. Tuko wanne, diploma ya uhandisi mitambo, mwaka wa mwisho. Mradi wetu ni pampu ya hidramu (inayoendeshwa na mwendo wa maji yenyewe) ya kupandisha maji kutoka kijito hadi kitalu cha miche ya parachichi. Umeme hakuna, na mwenye kitalu hataki jenereta kwa sababu ya gharama ya mafuta.

Vipimo vya eneo ni hivi. Kutoka banio (pale tunapochukulia maji kijitoni) hadi pale pampu itakapokaa kuna mporomoko wa mita 3. Tenki liko mita 24 juu ya pampu, na bomba la kupandisha litakuwa na urefu wa mita 180. Tunaweza kuchukua lita 60 kwa dakika bila kukausha kijito. Kitalu kinahitaji lita 5,000 kwa siku.

Jopo la chuo limepitia pendekezo letu likasema kifaa hiki kina zaidi ya miaka 200, michoro imejaa mtandaoni, kwa hiyo hakuna tulichobuni. Mjumbe mmoja alishauri tuongeze kihisi kinachotuma ujumbe kwenye simu ili mradi uwe wa kisasa.

Maswali yetu: je, kutumia kanuni ya zamani kunamaanisha hakuna ubunifu? Na kama ubunifu upo, unauonyeshaje kwenye ripoti ili mtu asiseme ni maneno matupu?

---

FundiMitambo

Mdogo wangu, msifunge kihisi ili tu muonekane wabunifu. Kitalu kinahitaji maji. Ujumbe wa simu hautapandisha hata lita moja, na betri yake ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika katikati ya bonde.

Anza na historia ya kifaa chenyewe, maana jibu la jopo limo humo. Mwaka 1772 John Whitehurst, mtengeneza saa wa Uingereza, alifunga mtambo huko Oulton, Cheshire, uliopandisha maji kwa kishindo. Maji yanateremka kwenye bomba, unafunga koki ghafla, maji yaliyokuwa mbioni yanakosa pa kwenda, presha inaruka, na sehemu yake inasukumwa juu kupitia valvu ya njia moja. Kanuni ilikuwa kamili. Kasoro ilikuwa moja: koki ilifunguliwa na kufungwa kwa mkono. Mwaka 1796 Joseph-Michel Montgolfier wa Ufaransa, yule yule wa maputo ya hewa moto, akaweka valvu ambayo maji yenyewe yanaifunga kwa mwendo wao, kisha inafunguka kwa uzito wake presha ikishuka. Bomba na chemba (chombo chenye hewa kinachodaka pigo la maji) vilibaki vile vile, kanuni haikuguswa. Aliondoa mtu aliyesimama kwenye koki, na kwa kufanya hivyo akaipa dunia pampu inayofanya kazi usiku na mchana bila mafuta.

Sasa jiulizeni: kwenye mradi wenu ni nani bado anasimama kwenye koki? Yaani ni kazi gani ambayo bila mtu kuifanya, pampu inasimama? Mimi naona tatu. Hewa ya chemba inaisha, mtu inabidi aje kuijaza. Raba ya valvu inalika, mtu inabidi aibadilishe. Kijito kikipungua, pampu inasimama na mtu inabidi ateremke bondeni kuiwasha upya. Mkiondoa moja tu kati ya hizo kwa vifaa vinavyopatikana Njombe mjini, na mkaonyesha vipimo vya kabla na baada, jopo halitakuwa na la kusema.

Hesabu ya msingi kwanza, ili mjue mnacheza ndani ya uwanja gani. Maji yanayofika juu ni sawa na maji yanayoingia, mara mporomoko, mara ufanisi, gawanya kwa kimo cha kupandisha. Kwa ufanisi wa asilimia 60: 60 × 3 × 0.6 ÷ 24 = lita 4.5 kwa dakika, sawa na lita 6,480 kwa siku. Kwa asilimia 50 mnapata 3.75, yaani lita 5,400. Chini ya asilimia 46 au 47 hamfiki 5,000. Kwa hiyo ubunifu wowote unaoshusha ufanisi chini ya hapo ni hasara, hata ukiwa mzuri wa macho kiasi gani.

---

MajiMteremko

Naunga mkono. Niongeze ya kiufundi, maana wengi hukwama kwenye bomba la kuendeshea, lile la kutoka banio hadi pampu, na lawama wanaipa pampu.

Urefu wake uwe kati ya mara 150 na mara 1,000 ya kipenyo cha ndani, na kwa uzoefu wa kazi mara 3 hadi 7 ya mporomoko. Kwenu bomba la inchi 2 la GI (chuma kilichopakwa zinki) linafaa. Linauzwa kwa urefu wa mita 6, kwa hiyo vipande viwili ni mita 12: mara 4 ya mporomoko, mara 240 ya kipenyo. Hamkati, hamtengenezi tredi mpya, mnaunganisha kwa soketi moja.

Tazameni kinachotokea ndani ya mita hizo 12. Valvu ya kumwaga (ile ya Montgolfier, inayojifunga yenyewe) ikiwa wazi, maji yanaanza kukimbia na kasi inaongezeka kwa kiasi cha 9.81 × 3 ÷ 12, yaani karibu 2.45 m/s kila sekunde. Baada ya takribani sekunde 0.4 yamefika 1 m/s. Valvu inagonga, inafunga, kasi inarudi karibu na sifuri, mzunguko unaanza tena. Wastani wa kasi ni kama nusu ya kilele, na kwenye bomba la inchi 2 hiyo ni karibu lita 1 kwa sekunde, yaani lita 60 kwa dakika. Ndiyo kiasi chenu kamili. Msishawishike kununua inchi 3, kijito hakitalijaza, litavuta hewa na pampu itanyamaza.

Bomba liwe limenyooka, bila elbo, na lifungwe kwenye zege au vigingi vya chuma kila mita 2 au 3. Likitikisika, nguvu mliyoitafuta inaishia kutikisa udongo. Mdomo wake uzame angalau sentimita 30 chini ya uso wa maji ili maji yakizunguka mdomoni lisivute hewa, na kichujio kiwe na eneo kubwa, maana majani yakiziba nusu ya kichujio kidogo, mporomoko wenu wa mita 3 unakuwa wa mita 2 bila nyinyi kujua.

Bomba la kupandisha: poli (bomba la plastiki) ya milimita 25 inatosha kwa lita 4 au 5 kwa dakika. Msuguano kwa mita 180 hauzidi mita 2. Chukueni daraja la PN10 (linalohimili presha ya bar 10) kwa zile mita za mwanzo karibu na pampu, kwa sababu ya mapigo.

---

Mwanafunzi_Njombe

Asanteni sana wakuu. Kuna jambo sikulisema. Tumeshatengeneza ya majaribio, tukalisha kutoka tenki la chuo la lita 1,000 lililo mita 3 juu. Tulitumia bomba la kuendeshea la PVC la inchi 2, mita 12, kwa sababu lilikuwepo stoo. Valvu ya kumwaga ni valvu ya njia moja ya shaba ya kawaida, ile yenye kibao cha bawaba, tumeigeuza ili kibao kianguke wazi. Chemba ni bomba la chuma la inchi 4, urefu sentimita 45, tumechomelea vizibo. Bado hatujatoboa tundu la kurudisha hewa kwenye chemba.

Matokeo: inapiga mara 110 kwa dakika, na kwa kimo cha mita 24 (tumeigiza kwa geji na koki ya kubana) inatoa lita 1.2 tu kwa dakika. Pia baada ya saa chache sauti inabadilika, inakuwa ya kugonga kama nyundo kwenye chuma. Tufanyeje?

---

FundiMitambo

Hapo ndipo kazi inapoanza kunoga. Mna makosa matatu yaliyolundikana, na hamuwezi kujua lipi linakula kiasi gani kama mtayarekebisha yote siku moja. Badilisheni kimoja, pimeni, andikeni, ndipo muende kingine.

La kwanza ni PVC. Maji yakisimamishwa ghafla, presha inayoruka ni msongamano wa maji (kilo kwa kila mita ya ujazo) mara kasi ya mshindo ndani ya bomba mara kasi iliyopotea. Ndani ya bomba la chuma mshindo unakwenda kama 1,300 m/s. Ndani ya PVC ni kama 400, kwa sababu kuta zinatanuka. Ili presha ifike kimo cha mita 24 na valvu ya kupandisha (ile ya njia moja inayoingiza maji kwenye chemba) ifunguke, maji ya bomba la chuma yanapoteza takribani 0.2 m/s. Ya plastiki yanapoteza takribani 0.6. Kama mlikuwa na 1 m/s, kwenye chuma mnabaki na 0.8 ya kufanyia kazi, kwenye plastiki 0.4. Na nguvu ya mwendo inakwenda kwa kipeo cha pili cha kasi! Wekeni mkono juu ya bomba la PVC wakati pampu inapiga, mtalisikia linavimba na kusinyaa kama mshipa wa shingo. Huko ndiko maji yenu ya kitalu yanakopotelea.

La pili ni mapigo 110. Valvu inafunga mapema mno, kabla maji hayajafika 1 m/s. Kibao chenu cha shaba ni chepesi na safari yake ni fupi. Ongezeni uzito: toboeni kibao katikati, pitisheni bolti ya M8, muongeze washa moja moja na kufunga kwa nati mbili zinazobanana ili zisilegee. Kila washa ikiongezeka, mapigo yanapungua na kila pigo linakuwa zito zaidi. Tafuteni mapigo kati ya 60 na 80. Mkizidisha, valvu itabaki wazi moja kwa moja na maji yatamwagika tu, maana mwendo hautatosha kuinua uzito huo.

La tatu ni ile sauti ya nyundo. Hewa imeisha kwenye chemba. Hewa iliyo chini ya presha inayeyuka ndani ya maji na kuondoka nayo, kidogo kidogo. Chemba ikijaa maji hakuna kinachodaka pigo, na pigo linakwenda moja kwa moja kwenye tredi na kwenye uchomeleaji. Msiendelee kuiendesha ikiwa na sauti hiyo, itapasua kitu.

---

Mwl_Vipimo

Wanangu, nimesoma yote. Nakubaliana na FundiMitambo kwa sehemu kubwa, ila niongeze mambo mawili, na moja nimrekebishe MajiMteremko kwa heshima.

Kuhusu chemba. Kanuni inayotumika sana ni ujazo wa mara 20 hadi 50 ya maji yanayopanda kwa pigo moja. Lita 4.5 kwa dakika kwa mapigo 60 ni mililita 75 kwa pigo, kwa hiyo mnahitaji lita 1.5 hadi 3.75. Chemba yenu ni lita 3.5, mtaona imetosha. Haijatosha. Kwa kimo cha mita 24, hewa hiyo iko chini ya presha ya kama mara 3.4 ya hewa ya nje, kwa hiyo lita 3.5 zinakuwa lita 1 tu. Ongezeni urefu hadi sentimita 60, mpate lita 4.7 ambazo zikibanwa zinabaki lita 1.4, karibu kabisa na kile kiwango cha chini. Na ijaribiwe kwa maji, si kwa hewa, hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi, kabla ya mtu kusimama karibu nayo. Chombo kilichojaa maji kikipasuka kinavuja. Kilichojaa hewa kikipasuka kinarusha vyuma. Kwa sababu hiyo hiyo PVC isitumike kabisa kutengeneza chemba ya hewa, hata kama michoro ya mtandaoni inaonyesha hivyo.

Kwa MajiMteremko: ndugu yangu, mita 3 hadi 7 za urefu kwa kila mita ya mporomoko ni sawa, lakini usiwaambie mita 12 kana kwamba ndiyo jibu pekee. Mita 18 nazo zimo ndani ya mipaka. Kasi itapanda taratibu zaidi, mapigo yatapungua, raba italika polepole. Hilo ni jambo la kupima, wala halihitaji kuamuliwa mezani.

Sasa swali lenu la pili, la kuonyesha ubunifu kwenye ripoti. Chora jedwali. Upande wa kushoto andikeni kazi, si vifaa: kumwaga na kufunga, kupitisha maji upande mmoja, kudaka pigo, kurudisha hewa. Mbele ya kila kazi wekeni njia tatu tofauti za kuifanya. Mfano, kurudisha hewa: tundu dogo la milimita 1.5 hadi 2 chini kidogo ya valvu ya kupandisha. Tyubu ya baiskeli iliyojazwa hewa kiasi na kufungwa ndani ya chemba. Au koki ya kuondolea maji ambayo mtu anaifungua kila wiki. Kazi nne, njia tatu kila moja, ni michanganyiko 81. Halafu anzeni kukata, na kila mnapokata andikeni sababu: hiki hakipatikani Njombe, hiki kinahitaji lathe (mashine ya kuchonga chuma), hiki kinashusha ufanisi. Mkibaki na mitatu, hiyo mitatu ndiyo inakwenda kwenye majaribio.

Mhandisi mbunifu hujulikana kwa yale aliyoyakataa na sababu zake. Ripoti nyingi za wanafunzi zinaonyesha kifaa kimoja tu kilichochaguliwa, kana kwamba kiliota chenyewe. Jopo likiona hivyo linasema mmenakili, na haliwezi kulaumiwa.

---

KarakanaYetu

Naomba nipinge kidogo wazo ambalo hapa hakuna aliyelisema: kuna watu wanaamini kutumia skrepa (vyuma chakavu) ndiyo ubunifu. Mtungi wa kuzimia moto kama chemba, jembe lililokatwa kama kibao, springi ya injini. Kifaa cha kwanza kinapigwa picha, kinasifiwa. Kikiharibika, mtungi wa pili kama ule haupatikani, tredi zake hazioani na kitu chochote dukani, na pampu inakufa. Halafu mtungi wa zamani hujui kutu iliyomo ndani.

Mfano mzuri wa kuiga ni AIDFI, taasisi iliyoko kisiwa cha Negros, Ufilipino, iliyopata Tuzo ya Ashden mwaka 2007 kwa kazi yake ya hidramu vijijini. Kwenye valvu zao wanatumia bawaba ya kawaida ya mlango na raba ya tairi. Fikirieni uamuzi huo. Bawaba ina ulegevu, si nzuri kama kifaa kilichochongwa kwa lathe. Lakini kila duka la vifaa vya ujenzi linayo, na anayeifunga anahitaji spana na bisibisi tu. Sehemu inayokufa haraka ndiyo waliyoifanya iwe rahisi kupatikana. Huo ni ubunifu uliokaa mahali pake.

Kwa raba: kateni ubavu wa tairi, si sehemu ya juu yenye nyaya za chuma. Nyaya zikitokeza zinakwaruza kiti cha valvu, na kiti kikikwaruzwa maji yanavuja kila pigo. Kiti chenyewe kisagwe kwa msasa juu ya kioo bapa hadi mng'ao uwe sawa pande zote. Raba ikikatwa kwa kisu butu inakuwa na meno pembeni. Ikateni kwa kisu kikali kilicholowekwa maji ya sabuni.

---

Mwanafunzi_Njombe

Mwalimu na wakuu wote, shikamooni na asanteni. Tumefanya kama mlivyoelekeza, kimoja kimoja, kwa kimo kile kile cha mita 24.

PVC kama ilivyokuwa, mapigo 110: lita 1.2 kwa dakika.
Bomba la GI, valvu haijaguswa: lita 2.3.
GI, washa nne, mapigo 72: lita 3.9.
Chemba ya sentimita 60 na tundu la hewa la milimita 2: lita 3.7, lakini sauti ni tulivu na haijabadilika kwa siku tatu.

Tumeshangaa kwamba tundu limepunguza maji. Pia wakati wa kuwasha inagonga mara mbili tatu kisha valvu inabaki imefunga. Na swali la mwisho: mwenye kitalu anasema mwezi wa 10 kijito kinashuka hadi kama lita 35 kwa dakika.

---

MajiMteremko

Kazi safi sana. Jedwali hilo dogo lina uzito kuliko kurasa kumi za utangulizi.

Tundu limepunguza kwa sababu kila pigo linarusha maji nje kabla ya kuvuta hewa. Ingizeni pini ya kupasua, ile inayozuia nati za ekseli, ndani ya tundu, na mikia yake ikunjwe kwa ndani. Inabana nafasi, inatikisika na kila pigo, kwa hiyo inasafisha tundu lenyewe. Hewa inaingia bado, maji yanayopotea yanapungua.

Kuwasha: valvu ya kumwaga hufunguka upya kwa sababu baada ya pigo maji yanarudi nyuma kidogo na presha inashuka. Kama bomba la kupandisha ni tupu, hakuna presha ya kuyarudisha, na valvu inabaki imefunga. Fungeni koki ya bomba la kupandisha, sukumeni valvu ya kumwaga kwa kidole au kijiti mara 20 hadi 30 hadi geji ipande na ianze kupiga yenyewe. Kisha fungueni koki polepole, robo kwa robo.

Na rekebisho la Mwalimu kuhusu mita 18 nimelipokea. Jaribuni zote mbili.

---

Mwl_Vipimo

Kuhusu mwezi wa 10, hapo ndipo penye ubunifu wa mradi wenu, na mmelileta wenyewe kama swali la mwisho!

Pampu ya inchi 2 iliyopangwa kwa lita 60 ikipewa 35, banio linashuka, bomba linavuta hewa, pampu inasimama, na mtu anateremka bondeni. Mnaweza kupunguza washa ili inywe kidogo, lakini hiyo nayo ni kazi ya mtu mwenye spana, tena mara mbili kwa mwaka. Badala ya pampu moja ya inchi 2, fikirieni mbili za inchi 1¼. Kila moja, kwa kasi ile ile, inatumia karibu lita 30 kwa dakika. Masika zote mbili zinapiga. Kiangazi mnafunga koki moja na nyingine inaendelea kwa ufanisi wake kamili. Raba ya moja ikilika, kitalu bado kina maji wakati wa matengenezo.

Fanyeni hesabu ya kiangazi kwa ukweli. Lita 30 × 3 × 0.5 ÷ 24 ni lita 1.9 kwa dakika, kama lita 2,700 kwa siku. Kitalu hakitapata 5,000 mwezi wa 10, na mwenye kitalu aambiwe hivyo sasa, kabla hajaotesha miche, ili aamue ukubwa wa tenki au idadi ya miche.

Kila pampu iwe na bomba lake la kuendeshea. Mkiziunganisha kwenye bomba moja, pigo la moja litafunga valvu ya nyingine kabla ya wakati na zote zitayumba. Bomba la kupandisha linaweza kuwa la pamoja, mradi kila pampu ina valvu yake ya njia moja na koki yake.

Na kabla ya kumwaga zege: mwenye kitalu aende ofisi ya bodi ya maji ya bonde lake kuulizia kibali cha kutumia maji. Pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inagusa shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto. Ulizeni hilo mapema na jibu liambatishwe kwenye ripoti. Jedwali la washa nalo liwekwe ukurasa wa kwanza, si kwenye viambatisho.